Walinipima Nimelala

Kama unasoma haya ukiwa umejilaza kwa sababu kila ukisimama dunia inakuwa giza, nisikilize mimi kwanza, wengine baadaye. Ukifika hospitali watakwambia ulale wakupime. Lala. Wakimaliza, waambie wakupime tena ukiwa umesimama. Wakikataa usitoke, kaa hapo hapo mpaka wakuchoke. Mimi sikuwa na mtu wa kuniambia maneno haya, na kwa kuyakosa nilinyang'anywa mwanangu mwaka mzima.

Nimejaribu mara mbili kuandika habari hii kwa upole, na mara zote mbili nimechana karatasi. Wanaonijua husema Riziki ana ulimi. Ninao, ndiyo. Ugonjwa huu uliukausha lakini haukuunyamazisha.

Nilizaliwa Mabawa, Tanga mjini. Nilisoma mpaka darasa la nne, nikaolewa Tongoni na Athumani, mtu wa maneno machache aliyekuwa akikwangua chumvi kwenye mashamba ya chumvi nyuma ya mikoko. Tuliishi kwa mama yake, yaani mavyaa wangu, mwanamke aliyezika mume na watoto watatu na hakuna siku hata moja aliyoacha moto wake ulale. Nasema hivyo mapema ili usidhani alikuwa shetani. Angekuwa shetani ningejua pa kumweka moyoni mwangu. Alikuwa mtu mwema aliyenikosea vibaya, na hilo mpaka leo linanipa tabu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Masika, mwanangu Zaina akiwa na miezi minne, nilishikwa na homa kali. Mavyaa alinikanda kwa maji, akaninywesha uji kwa kijiko, akambeba mtoto mgongoni siku zote hizo bila kunung'unika. Homa ikaondoka, lakini iliondoka na vitu vyangu.

Kwanza mate. Nilikuwa nikitafuna muhogo unageuka unga mdomoni, kila tonge mpaka nilisukume kwa maji. Kisha jasho. Athumani alikuwa akirudi kutoka kwenye chumvi fulana imelowa chapa, nami niliyeshinda mbele ya moto wa kuni ngozi yangu ilikuwa kavu na ya moto kama kikaango. Kisha machozi. Macho yalinikwaruza kama yana mchanga, na jua la nje likawa kali kwangu hata nikawa natembea nimejifunika kanga mpaka puani. Choo nilikuwa nikikipata kwa kudra. Hayo yote ningeyavumilia, watu huvumilia makubwa zaidi. Lakini nikisimama, nilianguka.

Usifikiri nazungumzia kizunguzungu cha njaa. Shingo na mabega yalianza kuuma kama niliyetoka kisimani na debe kichwani. Masikio yakavuma. Weusi ukaingia kutoka pembeni mwa macho, ukasogea katikati, halafu nikazinduka nipo chini na watu wananiita jina. Na nikilala kidogo tu, mzima! Naweza kuzungumza, kucheka, kugombana. Hilo ndilo lililoniponza. Nani atamwamini mgonjwa anayegomba vizuri akiwa chali?

Asubuhi ilikuwa mbaya kuliko jioni, na shibe ilikuwa mbaya kuliko njaa. Nilijifunza kwenda msalani kwa magoti, nikijifanya natafuta kitu sakafuni.

"Umepoteza nini, Riziki?" mavyaa aliuliza.

"Sindano, mama."

"Sindano gani hiyo isiyopatikana mwezi mzima?"

Kusi lilipoanza nilipelekwa hospitali mjini. Nilipanda lori la chumvi, nimelala juu ya magunia, na kusema kweli ile ndiyo safari niliyostarehe kuliko zote, maana hakuna aliyeniambia ninyanyuke. Kwenye chumba cha kungojea palikuwa na mabenchi mawili marefu, na ukuta nyuma yake umeshika weusi wa migongo ya watu. Utaratibu ulikuwa huu: mgonjwa mmoja akiingia kwa daktari, sisi wote tunanyanyuka, tunasogea nafasi moja, tunakaa. Mtu aliyebuni utaratibu ule sijui alikuwa akimkomoa nani. Nilinyanyuka mara nne. Mara ya tano nilimwangukia mzee wa watu mwenye jipu.

Wakaninyanyua, wakanilaza kitandani, miguu juu. Dresa, msaidizi wa daktari, akanifunga mkononi mpira wa kupimia nguvu ya damu, akaupuliza kwa kile kitufe chao, akatazama saa ya mashine. "Nzuri kabisa," akasema. Daktari, Mzungu mrefu mwenye haraka, akaja akasoma karatasi bila kunitazama.

"Wewe hapana mgonjwa. Wewe choka tu. Kula, fanya kazi."

Nikapewa dawa nyekundu ya maji, chungu. Kusi lile nilikwenda mara tatu. Mara tatu nilianguka kwenye benchi, mara tatu wakanilaza, mara tatu wakapima, mara tatu ikawa nzuri kabisa. Mtu anaanguka akisimama, nyinyi mnampima amelala! Ni sawa na mtu kukwambia paa linavuja, nawe ukaja kulikagua kiangazi. Mara ya tatu dresa alimwambia Athumani, mimi nikiwa hapo hapo nasikia, "Bwana, mkeo anadeka. Mpe mtoto mwingine, atatulia." Athumani akacheka. Alicheka kwa haya tu, najua, si kwa furaha. Lakini kicheko kile ninacho mpaka leo, na nimemwambia ninacho.

Mwaka ule Mfungo Sita uliingia na vuli. Kila Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, mavyaa alisomesha maulidi uani kwake, wanaume mbele, wanawake nyuma ya pazia, udi unafuka, watu wanasomewa mpaka Magharibi. Na kama ujuavyo, msomaji akifika pale anaposimulia kuzaliwa kwa Mtume, watu wote husimama. Kiyamu hiyo haikuwa jambo dogo kwetu. Vikongwe waliokuwa hawawezi kufika kisimani walisimama kwenye kiyamu.

Nilikuwa nimekaa tangu alasiri, joto, watu wamebanana, Zaina mapajani. Walipoanza kunyanyuka nikajisemea, leo nitakaa, Mungu anajua hali yangu. Mavyaa akaniona.

"Nyanyuka, Riziki. Mtume anazaliwa, wewe umekaa kitako?"

Wanawake wakageuka. Nikanyanyuka na mtoto wangu mikononi. Nakumbuka kaswida ikipanda, nakumbuka bibi mmoja akipita na mrashi anatunyunyizia marashi, nakumbuka weusi ukiingia pembeni. Nilipozinduka, Zaina alikuwa akilia mikononi mwa mtu mwingine, damu imemtapakaa usoni. Alikuwa amepasuka juu ya jicho kwenye ukingo wa chetezo cha udi.

"Mmeona?" sauti zikaanza juu ya kichwa changu. "Pale pale penye kiyamu!"

"Jini huyo. Tena kafiri. Hastahimili kusikia Mtume akitajwa."

"Ndiyo maana swala anaswali amekaa."

Sikatai kuwa majini yapo. Nakataa kwamba mimi nilikuwa nalo. Lakini wangejuaje? Walichokiona ni mwanamke aliyekaa maulidi nzima bila tatizo, akaanguka pale tu watu waliposimama kumpa Mtume heshima yake. Mtu wa pwani anayeona hivyo asifikirie jini atafikiria nini? Hilo nimelielewa baadaye sana. Siku ile nilielewa jambo moja tu, kwamba nimemwangusha mwanangu.

Siku ya tatu wakakaa kikao: mavyaa, Athumani na mjomba wake. Mimi nililazwa kwenye mkeka katikati yao. Mjomba akasema mtoto ahamie chumbani kwa bibi yake, asibebwe na mama, na asinyonye tena, maana maziwa hayo hayajulikani ni ya nani. Nikasema, "Msinichukulie mwanangu. Mjomba, nakuomba. Athumani, sema neno."

Sauti yangu ilikatika. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. Lakini macho yalikuwa makavu kama kawaida yake, kope zinakwaruza.

"Mtazameni," mavyaa akasema, wala hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu aliyeogopa. "Mama ananyang'anywa mtoto, hana hata chozi. Huyo anayesema hapo si Riziki."

Athumani akainama, akanitazama machoni. Nilimwona akilitafuta chozi. Alitafuta jicho hili, akatafuta lile. Lingetoka moja tu, yule mtu angesimama upande wangu, nina yakini. Halikutoka. Akainua kichwa akamwambia mama yake, "Mchukue."

Kwa siku tano matiti yangu yalijaa, yakawa mawe, maziwa yakachuruzika mpaka kwenye mkeka kila nilipomsikia Zaina akilia chumba cha pili. Mwili wangu ulikuwa unamlilia kwa njia uliyobaki nayo. Hakuna aliyeyahesabu hayo kuwa ni machozi.

Kaskazi ilipoingia, joto likapanda, wakaniletea fundi wa pepo kutoka kijiji cha pili. Mama wa makamo, msafi, mwenye sauti tamu. Alinitazama, akachoma ubani, akatoa masharti: siku arobaini nisitoke nje, na nisile chumvi. Jini huyu hapendi chumvi, akasema, akiionja atakasirika.

Naomba usome tena. Chumvi. Nyumba ile ilikuwa na magunia ya chumvi kila pembe. Mume wangu alirudi na chumvi kwenye nywele, kwenye kope, kwenye mikunjo ya viwiko. Mimi nikawa nala wali mtupu na mchicha wa kuchemsha. Kabla ya hapo nilikuwa naanguka nikisimama. Baada ya wiki mbili nikawa naanguka nikikaa. Mwili ulikuwa unaililia chumvi hata nikaiota mchana. Siku ya ishirini na moja niliitoa fulana ya kazi ya Athumani ukutani, nikaunyonya mkono wa fulana ile. Mavyaa akanikuta. Hesabu ikaanza upya, siku ya kwanza.

Halafu ikaja nyungu. Fundi alisema jini limekaa chini ya ngozi, ndiyo maana sitoki jasho, kwa hiyo litolewe kwa mvuke. Adhuhuri ya kaskazi, jua la utosi, nikafunikwa mablanketi mawili na chungu cha majani yanayochemka kati ya miguu. Mtu mwingine angelowa jasho akapoa. Mimi mwili wangu ulikuwa umesahau kujipoza. Joto liliingia na halikuwa na pa kutokea.

"Bado hatoki jasho," nilimsikia mavyaa.

"Analizuia. Ongezeni chungu."

Nikasema toeni. Nikasema tena. Chungu cha tatu kilipoingia sikusema kitu.

Nilisimuliwa yaliyofuata. Athumani alirudi kula chakula cha mchana. Akaliita jina langu, sikuitika, akaingiza mkono chini ya blanketi kunishika, akaurudisha mkono haraka kama aliyeshika sufuria. Akafunua yote, akanimwagia mtungi wa maji ya kunywa, na wa pili, na maji ya kutawadhia ya mama yake.

"Athumani, unaharibu dawa!"

"Basi iharibike, mama."

Ndiyo mara ya kwanza maishani mwake kumjibu mama yake hivyo. Ilibidi niive kwanza.

Jioni ile ile akanipandisha lori, kichwa changu mapajani mwake, akanifikisha Mabawa kwa Bi Tunu, mdogo wake marehemu mama yangu, muuza vitumbua. Zaina alibaki Tongoni, mavyaa alikuwa amejifungia naye ndani. Bi Tunu alinitazama nilivyokonda, akamgeukia Athumani.

"Nilikupa binadamu. Umeniletea nini?"

Athumani akanilaza kwenye mkeka.

Kesho yake, hospitali. Benchi lile lile, ukuta ule ule. Bi Tunu aliwaambia watu kwenye foleni, "Huyu hanyanyuki, tutamburuza," na kila waliposogea aliniburuza kweli, nimekaa kitako. Tulipoingia chumba cha kupimia, kitanda kilikuwa na mama mjamzito aliyekuwa akitapika. Hapakuwa na kingine.

Sasa tazama mambo yalivyo. Mwaka karibu mzima, safari tatu, mwanangu amechukuliwa, nimefukizwa nusura nife, na kilichoniokoa ni kukosekana kwa kitanda.

Nesi wa zamu aliitwa Agnes, Mshambaa wa milimani Lushoto, mnene, mwenye msalaba mdogo shingoni. "Kitanda kimejaa, dada. Egemea ukuta, nikupime hivyo hivyo." Akanifunga mpira, akapuliza. Akakunja uso. Akaigonga mashine kwa kidole, akapuliza tena.

"Dada, unanisikia?"

"Nakusikia kwa mbali."

Nikaanza kuteleza ukutani. Nesi Agnes akateleza na mimi, mkono wangu ameushika, kitufe hajakiacha, mpaka tukafika sakafuni wote wawili, naye akapuliza tena pale chini.

"Simama tena," akasema.

"Nitaanguka."

"Anguka. Nakushika."

Nimeambiwa maneno mengi matamu maishani, na wanaume na jamaa. Hakuna yaliyonifikia kama hayo. Watu wote walikuwa wananikataza kuanguka. Yeye aliniruhusu, akakaa karibu aone.

Akamwita daktari. Yule yule, mrefu, mwenye haraka, ila siku hiyo haraka ilimwisha. Akanilaza, akapima. Akanisimamisha, akapima. Akaita wenzake wawili, wakanilaza na kunisimamisha mpaka nikasahau ni mara ya ngapi, wakimulika macho yangu kwa tochi, wakinipaka unga fulani kuona kama natoka jasho. "Ajabu," akawa anasema. "Ajabu sana." Alikuwa amefurahi, na furaha ile ilinitia hasira kuliko uvivu wake wa zamani.

"Nesi, mwambie bwana daktari kuwa mimi ndiye yule aliyeambiwa hapana mgonjwa. Mara tatu."

Nesi Agnes alinitazama, kisha akamwambia kwa Kizungu. Sijui alitumia maneno gani. Masikio ya daktari yalikuwa mekundu.

Mambo ya kitabibu siyajui na sitajifanya nayajua. Nesi Agnes alinieleza hivi, na mimi yamenitosha: kuna kazi ambazo mwili hujifanyia wenyewe bila kukuuliza. Jasho, mate, machozi, choo, na kuisukuma damu ipande kichwani ukisimama. Hakuna anayeziamuru, na kwa hiyo hakuna anayezikumbuka. Homa yangu iliwalaza wafanya kazi hao wote. Wengine wataamka, akasema, wengine huenda wasiamke.

"Dawa yake?"

"Kunywa maji mengi. Kula kidogo kidogo. Funga miguu na tumbo, ulale kichwa kikiwa juu. Na chumvi."

"Chumvi?"

"Chumvi, dada. Nyingi. Mwili wako hauwezi kushika maji bila hiyo."

Nilicheka. Nilicheka mpaka Bi Tunu akanifinya, kisha kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, nikapiga mayowe, macho makavu. Athumani akakaa sakafuni, mgongo ukutani, akatazama viganja vyake vilivyopasuka kwa chumvi ya miaka sita. Tulitoka hapo hatujasemeshana.

Nikuonye hapa: usianze kubwia chumvi kwa sababu mimi nilipewa. Kuna magonjwa ambayo chumvi hiyo hiyo itakuzika. Pimwa kwanza, umelala na umesimama, ndipo ufuate ulivyoambiwa wewe.

Masika yale na kusi lililofuata niliishi Mabawa kwa Bi Tunu. Kichwani mwa kitanda tuliweka matofali mawili kila mguu. Asubuhi nilikunywa kikombe kizima cha maji ya chumvi kabla ya kutia mguu chini. Kisha kukaa, hesabu polepole. Kisha miguu chini, nikikanyaga kanyaga kama ninayeponda udongo. Kisha kusimama nimeshika mlango. Miguu nilifungwa bendeji mpaka mapajani, na tumboni Bi Tunu alinikaza kibwebwe cha kanga mbili, goti lake likiwa limeegemea mgongo wangu apate kuvuta. Nilijifunza pia kupishanisha miguu na kubana mapaja mabega yanapoanza kuuma. Nilianguka mara nyingi. Lakini nilikuwa naanguka nikijua kwa nini, na hiyo ni nusu ya kupona.

Kila Ijumaa Athumani alikuja na kifurushi cha chumvi.

"Na Zaina?"

"Mama hakubali. Anasema ukila chumvi ndiyo umemchokoza jini kabisa."

"Na wewe unasemaje?"

Aliweka kifurushi barazani, akaondoka. Ijumaa moja nilimtupia kifurushi chake mlangoni, chumvi ikamwagika barazani, watoto wa jirani wakaja kuilamba. Ijumaa iliyofuata akaleta chumvi nyingine na gauni la Zaina lililokwisha kumbana, ili nione alivyokua. Nililala na gauni lile chini ya shavu. Lilikuwa dogo kama mfuko wa mto, na yeye hamo.

Mfungo Sita ukarudi. Nikamwambia Bi Tunu, "Nikaze. Nakwenda maulidi."

Mavyaa aliponiona naingia uani alishika mlango. Shikamoo yangu aliitikia, kwa kuwa ni mtu wa adabu. Nilikaa katikati ya wanawake, pale pale nilipoangukia. Chakula sikugusa. Msomaji alipokaribia mahali penyewe, nikafungua chupa niliyokuja nayo, maji ya chumvi, nikainywa yote mbele yao bila kujificha. Wakasogea mbali nami. Kisha watu wakaanza kunyanyuka, na mimi nikanyanyuka, kwanza magoti, kisha mguu mmoja, kisha wa pili, nikaipishanisha, nikabana.

Mungu anisamehe, kiyamu ile hakuna mwanamke aliyemsikiliza msomaji. Walinitazama mimi. Mabega yakauma. Masikio yakaanza kuvuma. Nikabana mapaja mpaka yakatetemeka, nikamwomba Mtume anivumilie, maana nilikuwa nimesimama kwa hasira zaidi kuliko kwa mapenzi. Mrashi ukanipitia usoni. Kaswida ikaisha, watu wakakaa. Nikawa wa mwisho kukaa.

Maulidi yalipomalizika nikamwendea.

"Mama, nimekuja kumchukua Zaina."

Zaina alikuwa kiunoni mwake, anakaribia miaka miwili, kovu dogo juu ya jicho. Niliponyoosha mikono akageuza uso, akamkumbatia bibi yake shingoni. "Mama!" akalia. Alikuwa anamwita yeye.

Mavyaa alinitazama usoni muda mrefu. "Hakujui," akasema polepole. "Na wewe bado huna chozi."

"Macho yangu ndiyo yanayoumwa, mama. Mimi sina neno. Nipe mwanangu."

Hakunipa. Athumani alikuwa amekuja mpaka kwenye pazia, wanawake wakajifunika. Hakuhutubia, si mtu wa hotuba. Alikwenda akaifungua mikono ya Zaina kutoka shingoni mwa mama yake, kidole kimoja kimoja, akanipa. Mavyaa akabaki amesimama, mikono bado ameikunja kama aliyebeba. Nilimwona alivyokuwa. Sitasema sikumwonea huruma, lakini sikurudi nyuma.

Zaina alilia kutoka Tongoni mpaka mjini. Akanipiga, akaniuma, machozi yake yakalowesha kanga mpaka kibwebwe. Kwa majuma mengi aliniita "wewe". Wewe, nipe maji. Wewe, nataka kwa mama. Nilimpa maji. Watu wakisema mtoto mdogo husahau upesi, mimi huwa nawauliza, amesahau nini kwanza?

Sasa naweza kwenda sokoni na kurudi, jua likiwa halijawa kali. Bado nafunga tumbo. Jasho lilirudi kwanza kwapa la kushoto peke yake, tukalifurahia kama mgeni. Athumani tunaishi naye hapa Mabawa, na tumegombana kuhusu kicheko kile mpaka kimeanza kuchakaa. Mavyaa huleta samaki wakavu kila mwezi, hukaa barazani, hucheza na mjukuu wake, na hajawahi kusema neno la kuomba radhi. Na mimi sijawahi kumwambia yamekwisha.

Kusi la mwaka uliofuata nilikuwa nimekaa kibarazani nakata vitunguu vya pilau. Kwa muda wote ule vitunguu havikuwa na nguvu juu yangu, Bi Tunu alikuwa akinipa vyote mimi. Jicho la kulia likaanza kuwasha kwa namna ambayo nilikuwa nimeisahau. Kitu kikashuka shavuni. Kisu kikasimama hapo hapo. Zaina, aliyekuwa akichezea maganda, akanyanyuka akaja akanitazama karibu kabisa, pua kwa pua. Akaweka kidole chake kidogo juu ya shavu langu, akakitazama kimelowa.

"Mama," akasema, "unavuja."

Athumani akatoka ndani mbio. Alinitazama jicho hili, akatazama lile, kama siku ile ya kikao, kisha akaanza kuvaa viatu. Alisema ni lazima mama yake aje aone, leo hii, kabla hayajakauka.

Nikamwambia avue viatu. Nikamwambia, akitaka kunisaidia, aniletee vitunguu vingine.